Mumbai: Mji wa Waendao kwa Miguu, Bajeti ya Wenye Magari

Ipo kauli moja ambayo imezoeleka mno, kiasi kwamba hakuna anayeihoji tena. Wanaitoa waandishi wa vitabu vya kuwaongoza watalii, wanaitoa wenyeji wa tabaka la kati wa India kwenyewe, na siku hizi wanaitoa hata ndugu zetu wanaorejea kutoka kuuguza wagonjwa wao katika hospitali za kule: kwamba miji mikubwa ya India haipitiki kwa miguu. Kodi gari lenye dereva, wanasema. Funga vioo. Teremka mlangoni pa jengo unalotaka kulitazama, piga picha, panda tena. Anayetembea anajitafutia balaa. Na wakiulizwa kwa nini iwe hivyo, hujibu kwa mkato: watu ni wengi mno, ustaarabu wa barabarani haupo, na ndivyo Wahindi walivyo.

Nakusudia kuipinga kauli hiyo, na nitautumia mji mmoja tu, Mumbai, ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Bombay. Dai langu ni hili: ugumu wa kutembea Mumbai hautokani na tabia ya Wahindi wala na wingi wao. Umetokana na uamuzi. Umeamuliwa na watu wenye vyeo, katika ofisi zenye anuani, kwa fedha za umma, na umerudiwa mwaka baada ya mwaka hata ukaanza kuonekana kama hali ya hewa. Mwanafunzi anayesoma siasa au mipango miji asikubali kamwe kuuziwa uamuzi kwa jina la utamaduni.

Tuanze na umbo la mji wenyewe. Mumbai ilikuwa visiwa saba. Wareno waliitoa katika mahari ya binti wa mfalme wao alipoposwa na Charles wa Pili wa Uingereza mwaka 1661, na mwaka 1668 mfalme huyo akaikodisha kwa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki kwa paundi kumi kwa mwaka. Bahari ikafukiwa kidogo kidogo kwa karne mbili na zaidi, visiwa vikaungana, ukapatikana ulimi mrefu na mwembamba wa ardhi, tambarare sehemu kubwa, wenye reli zinazokwenda kaskazini na kusini. Katika sehemu ya kusini ni nadra kumpata mtu aliye mbali sana na kituo cha treni. Nyumba, duka, karakana, msikiti, hekalu na shule vimekaa ubavu kwa ubavu. Ukimwambia mhandisi abuni mji wa kutembelea kwa miguu, hatapata umbo bora kuliko hilo.

Na watu wake wanatembea. Utafiti mkuu wa usafiri wa eneo lile, uliofanywa kwa ajili ya mamlaka za serikali na kukamilika mwaka 2008, ulikuta kwamba takriban nusu ya safari zote za kila siku hufanywa kwa miguu peke yake. Katika nusu iliyobaki, sehemu kubwa ni treni na mabasi, na kila abiria wa treni ni mwenda kwa miguu mara mbili: kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Treni hizo hubeba watu wapatao milioni saba kwa siku. Kwa hiyo anayesema Mumbai haipitiki kwa miguu anawasema watu ambao hakuwaona, kwa kuwa yeye alikuwa ndani ya gari.

Hebu tutembee, basi, walau kwenye karatasi. Shuka Churchgate asubuhi, uvuke kwenda uwanja wa Oval, ambapo vijana hucheza kriketi mechi kumi kwa wakati mmoja bila kugombana juu ya mipaka. Upande wa mashariki wa uwanja umesimama mstari wa majengo ya Kigothi: chuo kikuu, mnara wa saa wa Rajabai, Mahakama Kuu. Upande wa magharibi zimejipanga nyumba za ghorofa za miaka ya 1930, zenye kona za mviringo na rangi za pipi, mtindo unaoitwa Art Deco. Tangu mwaka 2018 pande zote mbili zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mnara wa Rajabai ulikamilika mwaka 1878 kwa fedha za dalali wa pamba, Premchand Roychand, aliyeupa jina la mama yake. Utajiri ule ulitoka mbali: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikata pamba iliyokuwa ikienda viwanda vya Uingereza, na bei ya pamba ya India ikapaa. Watumwa wa Mississippi na wakulima wa Gujarat wamo ndani ya mawe yale, ingawa kibao cha watalii hakiwataji.

Hatua chache mbele iko chemchemi ya Flora, iliyosimamishwa mwaka 1864 karibu na mahali palipokuwa na lango la ngome ya Waingereza. Kuta za ngome hiyo zilibomolewa wakati wa gavana Bartle Frere, aliyetawala Bombay tangu 1862 hadi 1867. Msomaji wa pwani ataligutukia jina hilo. Ndiye Frere aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultan Barghash aufunge mnada wa watumwa. Na Barghash naye aliijua Bombay kabla ya kumjua Frere, kwani alihamishiwa huko na Waingereza mwaka 1859, baada ya jaribio lake la kumpindua kaka yake Majid kushindwa, akakaa takriban miaka miwili. Hata nahodha wa misafara ya miguu aliyepata sifa kuliko wote katika bara letu, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni akapelekwa India, alirudi Unguja akiwa na jina la mji huo, kisha akatembea na Burton, Speke, Stanley na Cameron kutoka bahari hadi maziwa na kuvuka bara zima. Ajabu ni kwamba mji ulioazima jina lake kwa mtembezi mkubwa namna ile leo unamwonea haya mtu anayetembea.

Kutoka chemchemi hiyo hadi kituo kikuu cha treni unapita barabara ya Dadabhai Naoroji. Hapa simama, ndugu mtumishi wa umma, maana lipo somo lako. Majengo yote makubwa ya barabara hii yana mapito yenye paa sehemu ya chini, nguzo baada ya nguzo, mfano wa baraza zetu za Mji Mkongwe lakini marefu kuliko hizo. Mwisho wa karne ya 19 wenye majengo walilazimishwa kwa kanuni kuyaacha mapito hayo, ili mpita njia asichomwe na jua wala asiloweshwe na mvua za miezi minne. Serikali ya kikoloni, ambayo haikumpenda Mhindi hata kidogo, ilijua kwamba katika nchi ya mvua na jua mtu anayetembea anahitaji paa. Serikali huru zilizofuata, zikiwa na wapiga kura mamilioni wanaotembea, zimejenga mapito mangapi ya namna hiyo katika vitongoji vipya vya kaskazini?

Kituo chenyewe, kazi ya msanifu F. W. Stevens, kilichukua miaka kumi kujengwa, 1878 hadi 1888. Kiliitwa Victoria, mwaka 1996 kikaitwa Chhatrapati Shivaji, baadaye jina hilo likaongezwa neno la heshima, Maharaj. Sina ugomvi na kumwondoa malkia. Lakini jioni ya tarehe 14 Machi 2019 sakafu ya daraja la miguu linalotoka kituoni hapo ilianguka barabarani na kuua watu wasiopungua sita, ilhali ukaguzi wa uimara uliofanywa muda mfupi kabla ulikuwa umelipitisha kuwa zima, lenye kuhitaji matengenezo madogo tu. Kubadilisha jina la kituo ni rahisi. Kukagua daraja lake ni kazi inayochosha, na haina sherehe.

Matembezi yanayouzwa kwa watalii kwa kawaida huishia hapo, na kuishia hapo kuna maana yake. Mbele ya kituo ni soko la Crawford la mwaka 1869, na ng'ambo ya soko hilo ulianza mji ambao Waingereza waliuita wa wenyeji. Mpaka ule wa kikoloni bado unalindwa na ratiba za kampuni za utalii. Urithi unahesabiwa hadi pale mzungu alipoishia kujenga; baada ya pale ni msongamano.

Nasi tuvuke. Barabara ya Mohammed Ali inakupeleka kwenye Msikiti wa Minara, ambako usiku wa Ramadhani maelfu ya watu wa kila dini hula kebabu na malpua wakiwa wamesimama, kisha hadi Bhendi Bazaar na vichochoro vya Mabohora na Makhoja. Ukiwa mtu wa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, majina yaliyoandikwa juu ya milango ya maduka yatakufanya udhani umekosea ndege. Tharia Topan, aliyeshika forodha ya Unguja chini ya masultani, alirudi kufia Bombay mwaka 1891. Rupia ya India ilikuwa fedha ya soko letu kabla ya shilingi. Kwa kaskazi na kusi watu hawa na wetu walipishana baharini kwa karne nyingi, na walipofika nchi kavu walitembea.

Lakini sasa inua macho. Juu ya barabara hii nzima, kwa urefu wa takriban kilomita mbili na nusu, imelala barabara ya juu ya zege iliyofunguliwa mwaka 2002. Inapita jirani na madirisha ya ghorofa za kwanza na za pili, karibu kiasi cha aliye ndani kusikia honi akiwa kitandani. Yaliyo chini yake yamekuwa giza, moshi na mwangwi. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtu anayetoka ofisini kusini kwenda nyumbani kaskazini, asiyetaka kununua kitu Bhendi Bazaar wala kusali katika Msikiti wa Minara. Mtaa ulio hai kuliko karibu yote katika jiji umefanywa mvungu wa safari ya mtu mwingine.

Barabara hiyo haikuwa ya peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya jimbo la Maharashtra ilianza kujenga barabara za juu kwa makumi. Mwaka 2009 likafunguliwa daraja la baharini la Bandra hadi Worli, kilomita 5.6, lisiloruhusu waenda kwa miguu wala pikipiki wala bajaji. Januari 2024 likafunguliwa daraja jingine la kuvuka ghuba, kilomita 21.8, nalo limewapiga marufuku hao hao. Machi mwaka huo huo barabara mpya ya pwani ilianza kupokea magari. Njia ya kutembea kando ya bahari, ambayo ilikuwa sehemu ya ahadi ya mradi huo, ilifunguliwa zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Mpangilio huo wa tarehe unatosha kukuambia nani alikuwa wa kwanza katika mawazo ya waliopanga.

Wakitambua kwamba watu wanaotembea hawajatoweka, wakuu wa mamlaka ya maendeleo ya eneo lile walibuni dawa: kuwainua. Kuanzia mwaka 2008 vilijengwa vichochoro virefu vya chuma vya angani, wenyewe wanaviita skaiwoki, kutoka vituo vya treni kupita juu ya barabara. Nadharia yake ni nzuri ukiisoma haraka. Ukiisoma taratibu utaona kwamba anayetembea, akiwa na mzigo kichwani, mtoto mgongoni au miaka sabini magotini, anaambiwa apande ngazi hamsini na kuteremka hamsini, ili mtu aliyeketi asilazimike kukanyaga breki. Vichochoro hivyo vingi vilikimbiwa na watu, vikageuka pa kulala wasio na makazi. Wakubwa wakashangaa: tumewajengea, hawataki! Hapo ndipo ile kauli ya ustaarabu ikarudishwa tena mezani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Asubuhi ya tarehe 29 Septemba 2017, yapata saa nne na nusu, mvua kubwa ilinyesha Mumbai ya kati. Katika daraja la miguu linalounganisha vituo vya Elphinstone Road na Parel, watu waliokwishashuka walisita ngazini kujikinga na mvua, na treni zikaendelea kuleta wengine. Ukatokea mkanyagano. Watu 23 walikufa wakienda kazini. Ripoti ya uchunguzi ya mamlaka ya reli iliilaumu mvua.

Mvua! Katika mji ambao mvua hunyesha kila mwaka tangu kabla ya Wareno! Tuisome upya ripoti hiyo kwa macho ya mtu aliyesoma historia. Eneo lile lilikuwa kitovu cha viwanda vya nguo vya Bombay. Mwaka 1982 wafanyakazi wa viwanda hivyo, wakiongozwa na Datta Samant, waligoma kwa wingi usiopata kuonekana. Mgomo ukavunjwa, viwanda vikafa kimoja kimoja, na ardhi yake ikageuzwa kuwa minara ya ofisi, benki, vituo vya televisheni na maduka makubwa. Maelfu kwa maelfu ya waajiriwa wapya wakaanza kumiminika asubuhi katika vituo viwili vilivyojengwa kwa ajili ya mji mwingine kabisa. Kila mnara ulipata kibali chake, pamoja na maegesho. Daraja la miguu lilibaki lile lile, jembamba. Malalamiko ya abiria yalikuwepo kwa miaka. Na wiki mbili tu kabla ya vifo hivyo, tarehe 14 Septemba, waziri mkuu wa India pamoja na mwenzake wa Japani walikuwa wameweka jiwe la msingi la treni ya mwendo kasi kati ya Mumbai na Ahmedabad, mradi uliokadiriwa kugharimu zaidi ya rupia trilioni moja.

Sipingi treni za kasi. Nauliza tu utaratibu wa mambo. Baada ya watu 23 kufa, jeshi la India liliitwa kujenga daraja jipya la miguu pale pale. Lilianza kutumika Februari 2018. Miezi mitano! Kumbe lilikuwa jambo la miezi mitano. Anayesema nchi ile haina uwezo wa kumjali mwenda kwa miguu na aeleze miezi hiyo mitano.

Tena mwezi mmoja kamili kabla ya mkanyagano huo, tarehe 29 Agosti 2017, katika mafuriko, daktari bingwa aliyeacha gari lake na kuamua kutembea hadi nyumbani alitumbukia katika shimo la mtaro lililokuwa wazi chini ya maji, akafa. Gazeti kwa gazeti liliandika, kwa kuwa alikuwa daktari mashuhuri. Wanaotembea kila siku hufa kimyakimya zaidi. Kwenye reli za mjini peke yake hufa watu zaidi ya elfu mbili kila mwaka, wengi wao wakivuka njia ya treni kwa miguu kwa sababu daraja liko mbali au limejaa. Kwa India nzima, takwimu za serikali za mwaka 2022 zinaonyesha watu zaidi ya 168,000 waliouawa barabarani, na zaidi ya 32,000 kati yao walikuwa wakienda kwa miguu. Takriban tisini kwa siku. Ndege ya abiria ikianguka na kuua tisini, mawaziri hujiuzulu.

Na baada ya Elphinstone, unadhani nani aliadhibiwa? Wachuuzi. Chama kimoja cha siasa cha jimbo kilidai kwamba machinga wanaouza kando ya vituo ndio waliosababisha msongamano, na wafuasi wake wakaingia mitaani kuwapiga na kuvunja meza zao. Muda mfupi baadaye Mahakama Kuu ya Bombay ikaamua kwamba uchuuzi usiruhusiwe ndani ya mita 150 kutoka kituo cha treni. Daraja lilikuwa jembamba. Aliyelipa ni muuza nyanya.

Wapo wanaharakati wenzangu wanaoingia katika mtego huu kwa nia njema. Wanataka njia za miguu zilizo wazi, kwa hiyo wanaunga mkono kufukuzwa kwa wachuuzi. Nawaomba wachukue futi kamba. Nafasi ambayo mipango ya manispaa ya Mumbai imezoea kumpimia mchuuzi mmoja ni mita moja kwa mita moja. Gari dogo lililoegeshwa hula si chini ya mita kumi za mraba, na huzila kutwa nzima bila kumlisha mtu. Katika mtaa wowote wa kusini ya jiji, hesabu magari yaliyopanda juu ya njia ya miguu, kisha hesabu wachuuzi, kisha uniambie nani kizuizi. Zaidi ya hayo, mchuuzi ni mwenda kwa miguu aliyesimama. Taa yake ndiyo inayomrudisha msichana nyumbani saa nne za usiku. Sheria ya India ya mwaka 2014 inamtambua: inataka ziundwe kamati zenye wachuuzi ndani yake, na kuruhusu idadi inayofikia asilimia mbili na nusu ya watu wa eneo. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mkubwa wa kuitii.

Katika kesi maarufu ya Olga Tellis, iliyotokana na amri ya mwaka 1981 ya kuwaondoa watu waliokuwa wakiishi kandokando ya barabara za Bombay, Mahakama ya Juu ilitamka mwaka 1985 kwamba haki ya kuishi ni pamoja na haki ya kupata riziki. Maneno mazuri, nasi huwafundisha wanafunzi wa sheria kuyakariri. Tusiache kuwaambia pia kwamba mahakama hiyo hiyo, katika hukumu hiyo hiyo, iliruhusu watu wale waondolewe mradi taarifa itolewe. Mei 2025 Mahakama ya Juu ikasema tena: haki ya kuwa na njia ya miguu iliyo salama na isiyozibwa, inayofaa hata kwa mlemavu, ni sehemu ya haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 21 ya katiba. Nimefurahi kuisoma. Hata hivyo naikumbuka miaka arobaini iliyo kati ya hukumu hizi mbili, na nahofia kwamba neno "isiyozibwa" litatumiwa kumwondoa mchuuzi kwanza na gari mwisho, au gari lisiondolewe kabisa.

Kuhusu wanawake nitasema machache, kwa kuwa wao wenyewe wamesema vizuri zaidi. Mwaka 2011 Shilpa Phadke, Sameera Khan na Shilpa Ranade walichapisha kitabu kiitwacho Why Loiter?, kilichotokana na utafiti wao wa Mumbai. Hoja yao ni kwamba mwanamke hapaswi kutakiwa aeleze sababu ya kuwa barabarani. Mwanamume husimama kona bila kuulizwa anangoja nini, naye mwanamke apewe haki hiyo hiyo ya kuzurura. Na hawakubali usalama wake ununuliwe kwa kumfukuza mtaani mwanamume maskini. Wanafunzi wangu wa kiume hucheka wanaposikia hoja hii kwa mara ya kwanza. Wa kike hawacheki.

Nimeulizwa pia kuhusu Dharavi, kwani hakuna anayezungumzia utalii wa miguu Mumbai bila kuulizwa, hasa tangu filamu ya Slumdog Millionaire ya mwaka 2008. Mgeni hulipa ili atembezwe katika vichochoro vya mabanda, aone wafinyanzi wa Kumbharwada, karakana za ngozi, watu wanaochambua plastiki. Wengine wanauita utalii huo aibu. Mimi aibu naiona kwingine. Dharavi ni mahali ambapo mtu hutoka chumbani kwake akafika kazini baada ya dakika tatu, bila gari, bila treni, bila kumwomba yeyote barabara. Wapangaji wa miji ya Ulaya huandika makala kuusifu mpango wa namna hiyo unapojengwa upya kwa fedha nyingi. Pale ambapo maskini wameujenga wenyewe, unapangiwa kubomolewa, wanaoonekana kustahiki wapewe chumba katika mnara, na wasiostahiki wapelekwe mbali, ambako safari yao ya kwanza ya asubuhi itakuwa kutafuta basi.

Mumbai si maskini. Manispaa yake ndiyo tajiri kuliko zote India, na bajeti yake inazishinda za majimbo kadhaa madogo ya nchi hiyo. Ila tangu Machi 2022, muda wa madiwani ulipokwisha, jiji hilo liliendeshwa na kamishna wa kuteuliwa kwa zaidi ya miaka mitatu bila diwani hata mmoja wa kuchaguliwa. Raia aliyekuta njia ya miguu imechimbuliwa mbele ya mlango wake hakuwa na mtu wa kumnyima kura. Miradi ya mabilioni haikungoja uchaguzi.

Basi ndugu zetu watakaokwenda Mumbai, kwa matibabu, kwa biashara au kwa masomo, wasikubali kufungiwa ndani ya vioo. Waanze asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali, kutoka Churchgate hadi Bhendi Bazaar. Ni mwendo usiozidi saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka, na chai iko njia nzima. Na watumishi wa umma, ambao India imekuwa ikiwaalika kwa mafunzo ya muda mfupi tangu mwaka 1964 chini ya mpango wake wa ushirikiano wa kiufundi, hupelekwa kuoneshwa madaraja ya baharini na hurudi na picha zake. Waombe jambo moja lisilokuwamo katika ratiba. Waombe kupelekwa Parel saa tatu asubuhi siku ya kazi, bila gari, washuke treni pamoja na abiria wengine, wapande ngazi zile pamoja na mwenyeji wao, na wakifika juu wamwombe awaoneshe, katika kitabu cha bajeti ya mwaka huo, ukurasa wa njia za miguu.